Meno Mawili ya Kando

Hurlingham, Nairobi
Jumapili, 24 Machi 1957

Kwako Mama Nthiwa, dada yangu katika Bwana. Pokea salamu zangu za upendo, nami nauliza hali yako kabla ya yote. Mguu umepoa? Unaweza kushuka mtoni bila fimbo? Wajukuu hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili, namshukuru Mungu, ila mvua imekataa kuja na vumbi la Barabara ya Ngong linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Siku ile ukiondoka kurudi Kangundo uliniambia, "Philister, usiniletee salamu tupu. Chukua daftari la shule, kila ukipata nafasi weka neno, na masika yakiisha mpe dereva wa basi letu." Basi nimeanza leo. Watoto watakaokusomea wauvumilie mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu baba akaona yatosha.

Kwa ajili ya hao watoto ambao hawamjui mume wangu, niseme kwamba Zedekiah ni mtu wa muziki. Alifundishwa jeshini wakati wa vita vya Burma, katika kikosi cha kuwachangamsha askari. Anapuliza saksafoni na klarineti, anapiga piano, anaimba hata kwa lugha asizozijua, na akiigiza sauti ya mtu unageuka kutazama nani ameingia. Siku za kazi, wakati wa chai ya alasiri, anawapigia wazungu piano na kuwaimbia polepole katika hoteli moja ya mjini, kwenye ukumbi wa viti vya mto. Jumamosi anavaa koti jeupe na kusimama na saksafoni mbele ya bendi kubwa ya Nzuki. Mimi ni yaya hapa Hurlingham, na tunakaa katika kota nyuma ya nyumba ya memsahib. Binti yetu Lornah ameolewa, yuko Yala.

Leo kanisani Mwalimu Sifuna aliziombea "nyumba ambazo mkate wake unatoka kwenye dansi." Hakutaja jina, lakini migongo yote mbele yangu ilikakamaa. Nilisema amina kwa sauti. Wewe wajua, tumepiga magoti mimi na wewe kwa ombi hilo hilo: Bwana, mtoe Zedekiah katika kazi ile.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna mvua. Nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika.

Alhamisi, 28 Machi

Baba Lornah amerudi akicheka peke yake. Hoteli inapakwa rangi mpya, na meneja anataka picha kubwa ya Baba Lornah ibandikwe mlangoni. Akaniigizia huyo meneja, mikono nyuma, tumbo mbele: "Zedi, wewe naimba mzuri sana. Lakini wewe nacheka, mimi naona shimo. Bibi ya wageni naona shimo. Kwenda Ngara, hoteli nalipa, tia meno."

Wewe huhitaji kuelezwa mambo ya meno, maana kwenu Ukambani wazee waliyachonga ncha. Kwetu Wajaluo, wa umri wetu waling'olewa sita ya chini ya mbele, ndiyo ilikuwa alama ya mtu wetu. Mimi nilinusurika kwa sababu baba alikuwa amebatizwa. Zedekiah hakunusurika.

Jeshini yule mwalimu wa bendi alimwambia mtu asiye na meno ya chini hawezi kupuliza saksafoni, kwa kuwa kile kijiti chembamba kinachotoa sauti hulalia mdomo wa chini, na mdomo hulalia meno. Zedekiah akaenda akakata kidole cha glavu ya ngozi, akafanya ukanda mwembamba, akaunasa kwenye meno mawili ya kando, la kulia na la kushoto, yale yaliyobaki mpakani mwa pengo. "Kama kamba ya nguo na miti yake," ndivyo alivyonieleza. Mdomo ukalalia ukanda. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, kama mtu anayekusemesha akiwa karibu na sikio, na hakuna mwingine mjini anayeitoa. Wenzake wanasema ni dawa. Anayejua ni mimi peke yangu, kwa sababu kanda hizo nazishona mimi.

Nikamuuliza, "Na ukanda utaufungia wapi?"

"Mama Lornah, mtu mwenye meno anataka ukanda wa nini? Nitapuliza kama wanavyopuliza wazungu."

"Umepuliza kwa njia yako miaka yote hii na hakuna aliyelalamika."

"Hawalalamiki nikiwa na saksafoni mdomoni. Nikiimba, nikitabasamu, wanatazama vikombe vyao. Wewe hujawaona."

Hapo hakuwa anacheka tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua imefika! Ilianza asubuhi tukiwa njiani kwenda Ngara, watu wakawa wanakimbia wakicheka. Memsahib alikuwa amenipa ruhusa nimsindikize.

Fundi wa meno ana chumba juu ya duka la vitambaa. Ni Mhindi mpole, alinawa mikono mbele ya macho yetu. Alichungulia sana, akasema yale mawili ya kando yameinama ndani, kama kitu kilichovutwa siku nyingi, na hayo meno mapya hayatakaa sawasawa yakiwepo. Afadhali yatolewe, halafu atatengeneza safu moja nzima.

Zedekiah alinitazama. Nilitikisa kichwa, Mama Nthiwa. Nilikitikisa wazi, kushoto na kulia, wala si kidogo. Akamgeukia fundi akasema, "Toa."

Alitoka ameziba mdomo kwa kitambaa. Kwa sababu hakuweza kusema, alinichorea tabasamu kubwa hewani kwa kidole, kutoka sikio mpaka sikio. Nami, hata sijui kwa nini, nikacheka.

Jumatano, 3 Aprili

Amevimba shavu. Anakunywa uji kwa kile kijiko cha mti alichonichongea ndugu yako Muthama, maana cha bati kinamuuma. Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Bendi imecheza bila yeye. Nzuki alituma mtu kuuliza, nikajibu kwa ufupi. Simpendi Nzuki, wajua. Ananuka pombe hata akiwa hajanywa.

Jumamosi, 13 Aprili

Meno yamekuja. Bwana asifiwe, ni mazuri! Amekuwa kama askofu. Alikaa mbele ya kioo cha memsahib (hakuwepo) akasema kila neno lenye sauti ya mluzi, "samahani, sukari, Sasumua," akamwigiza meneja, akamwigiza Mwalimu Sifuna, akaniigiza mimi nikiomba. Niliudhika kidogo halafu nikaachilia. Picha wamempiga leo hii, anacheka kinywa wazi.

Saksafoni hajaigusa bado. Anasema inahitaji heshima, siku ya kwanza iwe Jumapili baada ya ibada.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Tulitoka kanisani na majani yetu ya mitende yameloa. Aliyaweka mezani, akafungua sanduku, akaunganisha vipande, akalowesha kijiti kwa ulimi. Nilikaa kitandani kama mgeni.

Alipopuliza, meno yaliinuka. Akayabonyeza kwa kidole gumba, akapuliza tena, yakainuka tena. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, halafu hewa tupu. Akasema, "Hayajanizoea." Akajaribu tena na tena mpaka mate yenye damu yakaonekana kwenye kijiti.

Basi akayatoa. Akaja kwangu na ule ukanda wa ngozi mkononi, akaushika hivi kwenye mwanga wa dirisha, akausogeza mdomoni, upande wa kulia, upande wa kushoto. Akatafuta. Alitafuta kwa ulimi na kwa kidole, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake gizani na kukuta mlango haupo. Kisha akaketi.

"Mama Lornah," akasema, "hakuna pa kuufunga."

Sikumwambia kwamba nilimwambia. Mungu shahidi, sikumwambia.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Amejaribu kuukandamiza ukanda kwa nta. Nta inayeyuka.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Nimefunga tangu jana. Kanisani tulisimama kwa ibada ndefu na paa lilikuwa linavuja juu ya wanawake. Nilijaribu kuomba, nikasikia ombi langu la zamani linakuja lenyewe mdomoni: mtoe katika kazi ile. Liliniogopesha. Nikasema, Bwana, sikumaanisha hivi. Nilimaanisha umpe kazi nyingine, sikusema umnyang'anye pumzi.

Zedekiah amemwambia Nzuki kwamba amepona na Jumatatu atapuliza. Kwa nini amesema hivyo sijui.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Nitaandika polepole ili niweze.

Leo kulikuwa na dansi ya alasiri hotelini, kwa ajili ya sikukuu. Mimi sijawahi kukanyaga mahali pale, lakini leo nilikwenda. Oloo, mpishi wa pale, ni mtu wa kwetu, akanisimamisha mlangoni mwa jikoni ambapo mapazia yanaachana kidogo. "Shemeji, usikohoe tu," akaniambia.

Niliiona bendi yote, makoti meupe, Nzuki nyuma ya ngoma zake. Nilimwona mume wangu. Aliimba kwanza, na aliimba vizuri, nakuambia kweli. Wale wazungu waliacha kuzungumza. Nilikuwa nikifikiri dansi ni watu kushikana ovyo, kumbe wengi walikuwa wazee, mume na mke wamekumbatiana kama waliotoka kupoteza mtu.

Halafu ikaja zamu ya saksafoni. Akasogea mbele. Alivuta pumzi, mabega yakapanda kama siku zote, akapuliza. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi anayevutwa kwa kamba. Akakaza. Meno yakafyatuka. Yalimtoka, Mama Nthiwa, yakaanguka kwenye sakafu iliyong'arishwa, yakateleza mpaka kwenye kiatu cha mwanamke mmoja wa gauni la kijani.

Hata Nzuki alisimamisha vijiti hewani.

Na mume wangu, kwa kuwa amekuwa jukwaani tangu vitani na mwili wake unajua la kufanya hata akili ikiwa imekufa, alipiga goti moja mbele ya yule mwanamke, mkono kifuani, akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba awasamehe wenzake hawa wa kinywani, wameshindwa kujizuia, wanaomba kucheza naye. Akayaokota. Akayagonganisha kiganjani, ka-ka-ka, sawa na mwendo wa muziki. Nzuki akamfuata kwa ngoma, angefanya nini?

Walicheka. Sijasikia watu wakicheka hivyo. Mmoja alikuwa anapiga meza. Meneja alisimama ukutani anafuta machozi kwa leso.

Oloo pembeni yangu akasema, "Huyu ni mkali! Amepanga hii?"

Mimi niliona shingo yake tu kwa nyuma. Ilikuwa imelowa.

Alipoingia jikoni bado alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilikataa kumwondoka. "Wamefurahi," akaniambia. Akaenda kwenye karai la maganda ya viazi, akayaosha yale meno. Akayaosha, akayaosha. Nilimfungia bomba mwenyewe.

Jumatano, 24 Aprili

Meneja amemwita. Safari hii Zedekiah hakumwigiza, alinirudishia maneno yake makavu: "Zedi, hiyo kitu ya meno, mzuri sana! Kila Jumamosi sasa. Saksafoni tapa mtu ingine, wewe hapana sumbuka."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema ndiyo bwana. Nilikuwa na maneno mengine?"

Mvua kubwa. Mto Kirichwa umefurika.

Jumapili, 28 Aprili

Mwalimu Sifuna amekuja kotani na wazee wawili wa kanisa. Wewe wajua nilivyomheshimu mtu huyu. Niliwapikia chai ya maziwa.

Akasema, "Mama Philister, umeomba miaka mingi, leo Bwana amejibu. Amemfunga ndugu yetu kinywa kama alivyomfunga Zakaria hekaluni."

Nikasema, "Zakaria alifunguliwa, Mwalimu."

Akacheka kidogo, akaendelea. Anataka Zedekiah asimame mbele ya kanisa Jumapili ijayo, atoe ushuhuda, aonyeshe jinsi Mungu alivyomvunja kinywa cha dunia. "Vijana wataogopa," akasema. Macho yake yalikuwa yanameta, dada. Alifurahi. Nilitafuta huzuni usoni mwake hata ya kuweka kwenye kijiko, sikuiona.

Zedekiah alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akasema taratibu, "Mwalimu, hotelini wanataka nisimame niwaonyeshe meno. Kanisani mnataka nisimame niwaonyeshe pengo. Hakuna anayetaka nikae tu?"

Waliondoka chai haijaisha. Mzee mmoja alinishika mkono mlangoni, akaukaza. Huyo nitamwombea.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Leo alikuja Nzuki. Nilipomwona kwenye njia ya nyuma, mwavuli umevunjika, suruali imetapakaa matope ya kutoka Dagoretti Corner, nilikusudia kumwambia mgonjwa amelala. Akasema, "Mama, hata nisimame nje, mimi nitangoja." Hakunuka kitu.

Alikuwa na mfuko. Ndani yake alikuwa amekusanya vizibo vya chupa, vipande vya ngozi, mpira wa baisikeli, midomo ya klarineti ya kuazima. Aliketi kitandani kwangu na matope yake, nami nikamwacha.

"Wewe mzee, uma hii."

"Hii ni kiatu cha nani?"

"Ya mjomba wangu, alikufa, haitaki tena. Uma!"

Walijaribu kila kitu. Zedekiah akiwa na kizibo mdomoni, Nzuki akamwambia anafanana na panya aliyekamatwa kwenye gunia la posho, wakacheka mpaka nikacheka. Kwa muda mfupi kizibo kilishika, na ikatoka noti moja, ile ile ya zamani, laini. Kisha kizibo kikapasuka.

Nzuki alikirudisha kwenye mfuko. Akavirudisha vyote, kimoja kimoja. Halafu yule mtu niliyekuwa nikimwita shetani wa bendi alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, na mume wangu ndiye aliyempapasa mgongo.

Jumamosi, 11 Mei

Amekwenda hotelini na meno mfukoni.

Jumatano, 15 Mei

Tangu ile noti ya Nzuki hajaimba nyumbani. Wala hapigi mluzi akinyoa ndevu. Nilizoea kumwambia, "Baba Lornah, punguza, memsahib atasikia." Sasa nasikia mvua kwenye bati na kikohozi chake.

Mimi siwezi kumaliza Baba Yetu. Nafika "mapenzi yako" nanyamaza. Usinihukumu, Mama Nthiwa. Nipigie magoti wewe unayeweza.

Jumamosi, 18 Mei

Memsahib alinituma mjini kuchukua vitambaa. Nikapita mbele ya hoteli. Ile picha ya kwanza, ya kinywa wazi, wameitoa. Wameweka nyingine: mume wangu amepiga goti, meno mkononi, pengo lote nje. Watoto wawili wa kizungu walikuwa wanalinyoshea kidole na mama yao akiwasomea maneno ya chini. Shimo walilotaka lizibwe sasa ndilo linalowaita watu ndani.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua zimepungua. Amemwambia Nzuki kwamba Jumamosi ya kwanza ya Juni atamkabidhi saksafoni, akampe huyo aliyechukua nafasi. Nzuki amekataa kuipokea. Zedekiah amesema basi ataiacha jikoni kwa Oloo.

Nikamwambia, "Iache nyumbani, ikae tu."

"Ikikaa nyumbani nitaitazama," akasema. Na akasema tena, bila hasira, "Mama Lornah, nimechoka kuitazama."

Jumapili, 26 Mei

Leo hapakuwa na mvua kabisa. Sikwenda kanisani. Nilitoa zile kanda za ngozi sandukuni, zote nilizoshona, nikazifua kwa sabuni ya memsahib, nikazianika uani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nilisimama nikaitazama kamba ile ya nguo, na miti yake miwili, fimbo tu za msituni alizozipanda mtunza bustani, hazina ufundi wowote. Nikakaa chini kwenye majani yaliyoloa.

Jana Jumamosi nilikuwa nimekwenda Ngara kwa yule fundi peke yangu. Nilimuuliza kama anaweza kutengeneza kitu kisicho meno, vigingi viwili tu vya kunasa ukanda. Alinisikiliza. Akasema hajui kitu kama hicho, na haamini kitashika, maana ufizi wa mahali palipong'olewa unashuka siku hadi siku, na miezi michache ijayo kinywa kitakuwa kingine. Lakini aliingia ndani akanipa chapa ya plasta, umbo gumu la ufizi, aliyoichukua kinywani mwa Zedekiah siku ile, bure, akaifunga mwenyewe kwenye gazeti.

Nimeifunga pamoja na daftari hili. Isivunjike. Mpe ndugu yako Muthama. Mwambie ni mdomo wa mtu, aushike kwa adabu. Aangalie kwa makini hapa nilipotia alama ya penseli pande mbili, ndipo yalipokuwa. Kama kuna mti mgumu usiooza kwa mate, au pembe, au mfupa, wa kukalia ufizi huo na kusimamisha vigingi viwili vidogo, achonge. Sijui kama kinywa kitauvumilia. Fundi amesema hapana, Nzuki amejaribu na machozi yake, na Mungu sijamsikia. Zedekiah hajui kwamba nimekuandikia; sitaki aone jambo jingine likipasuka mdomoni.

Dereva anaondoka kesho asubuhi. Saksafoni bado iko chini ya kitanda, na mimi nalala upande wa sanduku.

Nisalimie wajukuu. Mguu uukande kwa maji ya moto. Nakuomba unijibu upesi, kabla ya Jumamosi kama basi litarudi. Na Muthama akisema haiwezekani, usiniandikie maneno ya kunifariji. Andika tu haiwezekani, nizitoe zile kanda kwenye kamba.

Mimi dada yako,
Philister